Jirani Asiyebisha Hodi

Mbweleni, Mohoro
7 Aprili 2025

Kwako Muzdalifa, binti wa dada yangu,

Salamu nimezifungia ndani mpaka hasira ipoe, kwa hiyo usizitafute humu.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu nimeiapia. Ile uliyoniletea Idi imo ndani ya pipa la mchele, imezimwa, na juu ya mfuniko nimeweka jiwe. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi akufikishie hapo Kibiti. Nimemwambia akiipoteza kuna mamba mmoja ananidai fadhila, nitamlipa kwa kumpa yeye.

Sababu unaijua, au unajifanya huijui. Jumamosi maji yalishuka kutoka juu. Mimi nilikuwa Kiongoroni, nimefuata boriti za kurekebishia paa. Mkaza mjomba wako Mwanabibi alikuwa peke yake bondeni, kwenye dungu letu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunacholindia mpunga, na siku hiyo alikuwa amefunga sita ya Shawwal. Hiyo akili mnemba ya ofisi yenu ya tahadhari za mafuriko, mnayoiita Jirani, iliwapigia simu watu wa ng'ambo saa moja asubuhi. Wakatoka na magodoro yao na kuku wao. Watu wa bondeni chini ya shule ikawapigia saa mbili, na boti ikawafuata. Sisi Mbweleni, kaya arobaini na moja, ilitupigia saa tisa alasiri. Maji yapo kiunoni.

Sasa sikiliza ilichomwambia Mwanabibi. Sauti ya kike, laini kama ya biharusi anayemjibu kadhi: "Mama Mwanabibi, wewe ni jasiri, na nyumba yenu ina uzoefu wa mafuriko. Ukiamua kubaki, hakikisha una maji safi na taa."

Ukiamua kubaki. Mwanamke hajui kuogelea, amekumbatia nguzo, simu kaibana kwa kidevu, anaambiwa atafute taa.

Saa kumi dungu likalala. Gogo lililokuja na maji likamchana mguu wa kulia. Saidy, mtani wangu yule Mmatumbi mwenye mdomo kama ngoma ya harusi, ndiye aliyemfuata kwa mtumbwi. Mguu umevimba, na mganga wa zahanati anasema vidole viwili huenda vikaondoka.

Ningekuwepo mimi, unajua. Mwaka wa Elinino kiboko alinipa mgongo kutoka hapa mpaka sokoni Mohoro, nilipomshukuru akapiga miayo. Mwaka jana nimekaa juu ya dungu siku tatu, kambale wanaruka wenyewe chunguni, wadogo nawarudisha wakakue.

Nataka jina. Jina la aliyeifundisha hiyo mashine kwamba watu wa Mbweleni waachwe mwisho. Nipe jina tu, mengine nitamalizana naye.

Mjomba wako,
Mwinjuma

*

Kibiti
9 Aprili 2025

Shikamoo mjomba,

Yangu sikuifungia. Nimelia kwa ajili ya mkaza mjomba, na nimemtumia dawa kwa kondakta huyo huyo. Zisimamie, ameze zote.

Umeomba jina. Jina ni Mwinjuma.

Nimefungua dodoso la Septemba, lile tulilolijaza uani kwako. Swali la kumi na nne lilisema: maji yakija, mtaondoka baada ya muda gani? Jibu lako liko hapa mbele yangu, neno kwa neno: "Hatuondoki. Mwaka huu nimekaa juu ya dungu siku tatu. Anayeondoka Mbweleni ni kuku." Baada yako walijibu wenye kaya arobaini. Wote wamesema, "Kama Mwinjuma."

Jirani hakuchukia mtu. Boti ni tatu, na alifundishwa kuzipeleka kwanza kwa watu watakaokubali kupanda. Alifundishwa pia kwamba mtu mbishi ukimwamuru aondoke anazidi kukita miguu, kwa hiyo umsifu na umwachie aamue. Hiyo ndiyo sayansi ya tabia niliyoisomea mjomba, na kwa watu wengi inafanya kazi. Kwenu imekuta arobaini na moja wanaoapa kuwa hawaondoki, ikawaamini.

Mkuu wangu wa ofisi, Mudathiri, anasema mashine haikukosea. Mlisema, ikasikia. Hataki kubadilisha orodha bila majibu mapya.

Na maji ya pili yanakuja. Wapima mvua wanasema wiki ya tarehe ishirini na tano, na yatakuwa makubwa kuliko haya. Mpaka leo Mbweleni iko mwisho.

Kwa hiyo nakuuliza kwa adabu zote, na ujibu kwa mkono wako: mwaka jana ulikaa juu ya dungu siku tatu?

Mpwa wako,
Muzdalifa

*

Mbweleni
11 Aprili 2025

Muzdalifa,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nikakaa, nikaisoma tena, nikasimama.

Mimi nimeishia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe nililimaliza kwa sababu mwalimu alikuwa anaogopa baba yangu. Lakini nikuulize wewe mwenye digrii. Nani aliyeiambia mashine yenu kwamba mwanamume akizungumza uani kwake, mbele ya wageni, sinia la pilau katikati, anatoa ushahidi? Niliwaambia pia siku ile kwamba mpunga wangu una punje kubwa kama kokwa za embe. Mbona hilo Jirani hakuliamini akaleta malori?

Mbweleni nzima inajua kunisikiliza. Nikisema kambale ishirini, wanajua wawili. Nikisema kiboko alinibeba, wanajua nilimwona kwa mbali nikapanda mti. Hata mtoto mdogo hapa anajua kuyagawa maneno yangu kwa kumi kabla hajayameza. Hiyo ndiyo akili. Hakuna aliyewahi kuumia kwa uongo wangu kwa sababu kila mtu anajua mlango wake ulipo. Sasa mmeleta kitu kisichojua kugawa, mkakikabidhi boti.

Na hao arobaini waliosema kama Mwinjuma, ulitaka waseme nini? Wanaume wamekaa mkekani, wake zao nyuma ya ukuta wa makuti wanasikia kila neno. Mimi mwenye nyumba nimeshasema anayeondoka ni kuku. Ridhiwani ajibu, "Mimi ni kuku"? Na wali wangu uko mdomoni mwake?

Swali lako la mwisho silijibu. Mpwa hamuulizi mjomba wake swali kama hilo, hata kwa barua. Lakini mimi nakuuliza lako. Ulikuwepo. Ulikaa mkekani, kile kishikwambi mapajani, kidole chako ndicho kilichobonyeza. Mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, hakuna kinachotokea nyumbani kwangu asichokijua kabla jua halijazama. Ulikuwa unajua nini siku ile, Muzdalifa?

Mguu bado unanuka. Dawa anameza.

Mwinjuma

*

Kibiti
13 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo.

Nilikuwa najua yote.

Mama aliniambia mwaka jana, wiki ile ile. Kwamba hukukaa dunguni siku tatu wala saa tatu. Kwamba aliyemtoa mkaza mjomba alikuwa Saidy, alimbeba begani mpaka kwenye mtumbwi. Ulipojibu lile swali nilinyanyua macho nikakutana na ya Saidy upande wa pili wa sinia. Yeye akaangalia chini. Na mimi nikaangalia chini, nikabonyeza.

Sina cha kujitetea nacho, na hicho ndicho kinachonikasirisha kuliko barua zako zote. Miaka minne nimefundishwa kwamba mtu hajibu swali, anajibu nyuso zilizo mbele yake. Nimefundishwa usiulize watu wakiwa kundi, usianze na mkubwa wao, usiule wali wao kwanza. Nimefundishwa kwamba anachosema mtu na anachofanya ni vijiji viwili, na kati yake kuna mto. Nikaja kwenu nikavunja yote kwa mchana mmoja, kwa sababu wewe ni mjomba wangu, na nani angemwambia Mwinjuma, nyumbani kwake, "Hapo unadanganya"? Nikaona heshima ni kunyamaza. Mashine ikala heshima yangu pamoja na uongo wako, na gharama yake imo mguuni mwa mkaza mjomba.

Nimemweleza Mudathiri. Ameguna. Kasema sawa, kila kaya iulizwe upya, peke yake. Jana mwenzangu Hafidha alipita Mbweleni nyumba kwa nyumba, mlango umefungwa, wawili tu. Unajua wamemjibu nini? "Kama Mwinjuma." Mmoja alimjibu huku anachungulia dirishani kuelekea kwako. Tumechelewa, mjomba. Neno likishakuwa sifa ya kijiji hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulitema.

Hafidha atarudi tarehe kumi na tisa, mara moja tu. Wakisema tena wanabaki, watabaki mwisho, na maji ya pili yatawakuta humo. Siwezi kuandika majibu yao kwa mkono wangu. Na wao hawatabadilisha yao mpaka wewe ubadilishe yako, mbele yao.

Muzdalifa

*

Mbweleni
19 Aprili 2025

Muzdalifa,

Nimesema. Sasa furahini, wewe na Mudathiri wako.

Siku nne nilikuchukia. Siku ya tano nikajaribu kuwachukia wapima mvua. Jana Ijumaa, baada ya sala, watu wanatafuta viatu vyao, nikamwomba imamu nafasi hapo barazani. Akadhani natangaza hitma. Watu wakakaa vizuri, wakajiandaa kucheka, maana Mwinjuma akisimama ni kiboko au ni mamba.

Nikasema hivi. Mwaka jana maji yalipokuja nilikuwa napiga mswaki. Niliona sisimizi wanapanda nguzo za dungu, mistari minne, kila nguzo mstari wake. Nikashuka, nikaingia kwenye mtumbwi, nikakata kamba kwa panga kwa sababu mikono ilishindwa kufungua fundo. Nikajiambia naenda kuita msaada. Sikuita mtu. Nililala siku tatu kwenye ghala la mashine ya kukoboa, juu ya magunia ya pumba. Mwanabibi aliniita mara mbili. Nilisikia zote mbili.

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke.

Ndipo Saidy akasimama. Nikajua leo ndiyo leo. Akasema, "Mwinjuma, huu utani nimeumeza mwaka mzima kama mwiba wa kambale, mkeo aliniapisha. Sasa nimeruhusiwa, au bado?"

Nikamwambia umeruhusiwa.

Basi alianza. Jinsi mtumbwi wangu ulivyopita, mamba wamekaa kando wanapiga makofi. Jinsi alivyomkuta Mwanabibi, na panga langu limebaki limekwama kwenye nguzo kama bendera. Watu wakacheka mpaka imamu akajificha kwenye kilemba chake. Nilikuwa na hasira ya kumtupia kiatu, na sikuwa na kiatu. Kicheko kilipoisha Ridhiwani akasema, taratibu, kwamba na yeye mwaka jana alikuwa kwa wakwe zake saa mbili kabla ya maji. Mwingine akasema yeye alipanda boti ya wagonjwa akijifanya ana homa. Wakafuatana kama mbuzi mlangoni. Kumbe kitongoji kizima tulikimbia, kila mmoja kwa njia yake, kisha tukarudi tukakaa mkekani kuambiana sisi si kuku.

Leo Hafidha amepita. Wamejibu wanavyojibu watu.

Nilipofika nyumbani jana Mwanabibi alikuwa ameshaambiwa. Habari hapa haina miguu lakini inanishinda mbio. Alikuwa ameuweka mguu juu ya kiti. Hakunitazama. Akasema, "Mara tatu. Niliita mara tatu. Ya tatu ulikuwa umeshafika mbali."

Basi.

Mwinjuma

*

Kibiti
21 Aprili 2025

Shikamoo mjomba,

Majibu yameingia. Jirani amesoma upya, Mbweleni imekuwa ya kwanza kwenye orodha. Boti mbili zitalala ukingoni mwenu kuanzia kesho kutwa.

Toa simu kwenye mchele, ichaji, na usiizime. Maneno mtakayoambiwa safari hii sikuiachia mashine. Nimeyaandika mwenyewe. Hakutakuwa na taa wala ujasiri.

Najua kilichokugharimu. Mama anasema hajawahi kujivunia kaka yake hivyo, ila nisikwambie.

Muzdalifa

*

Shuleni, Mohoro
26 Aprili 2025

Muzdalifa,

Nakuandikia kwenye dawati la darasa la tatu, magoti yananigusa masikio. Tupo wote hapa juu. Maji yamechukua Mbweleni hadi kwenye paa. Mpunga umekwenda. Watu wapo, kaya zote arobaini na moja. Hilo nimelisema kwanza ili usife kwa wasiwasi, kwa sababu nataka uwe hai unisikie.

Alhamisi saa mbili asubuhi simu ikalia. "Mzee Mwinjuma, maji yatafika saa saba mchana. Watu wa Mbweleni hukufuata wewe. Ondoka sasa, na upite katikati ya kitongoji wakuone."

Hukufuata wewe. Yaani mashine imechukua aibu yangu niliyoitapika barazani, ikaikunja vizuri, ikaifanya filimbi ya kuitia watu. Nani aliniuliza? Nilisema mbele ya Mungu na majirani, sikusema mtumie. Jirani gani huyu anaingia hadi chumbani kwa mtu, anafungua sanduku, anachukua kanzu, na hodi hajabisha?

Nikamimina kikombe cha pili cha chai, makusudi, nimwonyeshe haniamuru.

Nipo na kikombe mkononi, Saidy huyo anakuja na furushi kichwani, anacheka njia nzima. Akaniuliza, "Mbona naambiwa umeshakimbia?"

Nikamwambia nani kakwambia. Akanisikilizisha simu yake. Sauti ile ile ya biharusi: "Jirani yako Mwinjuma ameshaondoka. Ondoka na wewe." Wote arobaini wameambiwa hivyo. Ameshaondoka. Nami nimekaa barazani kwangu, miguu mitupu, nakunywa chai.

Uliniambia umeyaandika mwenyewe.

Sasa nisikilize, na Mudathiri asikilize, kwa sababu hili nalijua kuliko chuo chenu. Nimekuwa mwongo miaka hamsini na tatu, uongo nikiuona naujua hata ukivaa miwani. Wangu watu wanaugawa kwa kumi. Wa Jirani nani anaugawa? Mliniomba nikaseme kweli mbele ya watu kwa sababu mashine haijui kupima maneno ya mtu. Nikaenda, nikavuliwa nguo. Kisha mashine yenyewe ikafungua mdomo ikadanganya, siku ya kwanza tu iliyoaminiwa!

Utasema watu walitoka. Walitoka. Nilibeba godoro kichwani, Mwanabibi tukampakia kwenye toroli, nikapita katikati ya kitongoji kama mwali, na Saidy nyuma yangu anatangaza kwamba kuku mkubwa ameshatoka bandani. Wakafuata. Lakini Bi Sihaba, yule mjane wa pale kisimani, alipigiwa simu, akatoka mlangoni, akanitazama, akaniona na kikombe. Akasema: imedanganya juu ya Mwinjuma, basi na juu ya maji imedanganya. Akarudi jikoni kumenya muhogo. Utamlaumu? Amefikiri sawasawa kabisa. Yupo hai, lakini si kwa hisani yenu.

Na mwakani ikilia simu, hao arobaini watakumbuka nini? Watachungulia kwanza kama Mwinjuma anakunywa chai.

Huo uongo hukuutoa chuoni, mwanangu. Umenirithi mimi. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na simu arobaini.

Mwinjuma

*

Kibiti
29 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo.

Ni kweli, niliandika mimi. Tulijaribu mara nyingi ofisini: mtu akiambiwa jirani yake ameondoka, naye huondoka upesi kuliko akiambiwa maji yanakuja. Nikahesabu kwamba utakuwa umeondoka kweli ndani ya dakika kumi, na uongo wa dakika kumi si uongo. Sikuhesabu kikombe cha pili. Na hata usingekinywa ningekuwa nimekosea. Nilijua njia ya kuwasogeza watu, sikujiuliza kama nina ruhusa.

Sentensi ile nimeifuta. Nimemwambia Mudathiri ikirudi mimi natoka. Nimeandika mambo mawili yaingie kwenye mashine: Jirani asiseme limetokea ambalo halijatokea, na jina la mtu lisitumike kumsogezea mwenzake mpaka mwenyewe aulizwe akubali. La kwanza amekubali. La pili bado tunagombana, anasema litachelewesha simu. Nimemjibu kwamba hodi haichukui muda mrefu.

Kuna nafasi moja haijajazwa. Kwenye fomu ya Hafidha, kila mtu kaandikiwa alivyofika shuleni. Kwa Bi Sihaba pako wazi. Hafidha anasema mama huyo alitaja kwamba umembeba wewe, na watu wanne waliokuwa karibu wakacheka, akasita kuandika.

Sijazi kwa kubahatisha tena. Nakuuliza wewe, kwa barua, peke yako, hakuna anayesikia.

Muzdalifa

*

Shuleni, Mohoro
2 Mei 2025

Muzdalifa,

Ni mimi.

Tulipofika huku juu nilitazama watu wa upande wetu, Bi Sihaba hayumo. Boti zetu zilikuwa zimekwenda ng'ambo kuchukua wengine, na mtumbwi wa Saidy ulikuwa umejaa watoto. Nikarudi kwa miguu. Maji yalikuwa magotini njiani, karibu na kisima yakanifika kifuani. Niliogopa. Nilisimama kwenye ule mkorosho wa Ridhiwani, nimeushika, nikafikiri kurudi. Hakuna ambaye angejua. Nilikaa pale kitambo, siwezi kusema muda gani.

Alikuwa amekaa juu ya meza, sufuria ya muhogo mapajani. Hakuniita. Nadhani hakutegemea. Nikampa mgongo. Ni mzito kuliko anavyoonekana, na alinikaba shingo njia nzima. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili sufuria ikaenda, na ananisema kwa ajili ya hiyo sufuria mpaka leo.

Niliposimulia hapa shuleni walicheka. Saidy akauliza kama mamba walipiga makofi tena. Hawana kosa, wamezoea kugawa. Mwanabibi hakucheka. Alinitupia kanga yake nijifute.

Kidole kimoja kimeondoka, kimoja kimebaki.

Ukitaka kuliweka hili kwenye mashine, umeniuliza na nimekubali. Weka kama lilivyo. Usiandike jasiri. Andika kwamba alisimama kwenye mkorosho.

Mudathiri mwambie bado nina hasira naye, na akija Mbweleni wali atapata, ila maswali atamuuliza kila mtu nyumbani kwake.

Zile salamu nilizofungia mwezi uliopita nimezifungua. Marahaba, Muzdalifa. Marahaba zote ulizonidai.

Mjomba wako,
Mwinjuma

Hapakuwa na kiboko.